Ikulu Iliyokabidhiwa Wachongaji

Askari hufundishwa kuitazama nyumba kwa jicho la ulinzi: lango liko wapi, ukuta una kimo gani, njia ya kutokea ni ipi. Nyumba ya Kanombe, pembezoni mwa jiji la Kigali, yastahili kutazamwa hivyo kwanza, ndipo itazamwe kwa jicho la sanaa. Ilikuwa makao ya Rais Juvénal Habyarimana. Tangu mwaka 2018 ni Makumbusho ya Sanaa ya Rwanda.

Sisi wa Busasamana, hapa mpakani chini ya mlima Nyiragongo, hatuko mbali na mambo hayo. Katika wilaya yetu hii ya Rubavu ndiko iliko Nyundo, mahali ambapo jina lake ni chombo cha mchongaji, na ambapo shule ya sanaa ilianzishwa katika miaka ya 1950. Sanaa ya jadi ya nchi hii ilivuma zaidi kwa usukaji wa vikapu na kwa mapambo ya imigongo, yafinyangwayo kwa kinyesi cha ng'ombe. Uchongaji wa sanamu za kisasa ni mche mchanga, na Nyundo ni mojawapo ya vitalu vyake.

Kabla ya kufika Kanombe, hazina hiyo ilikaa katika kasri jingine. Kule Nyanza, ambako nako kuna kata iitwayo Busasamana, Umwami Mutara III Rudahigwa alijengewa kasri juu ya kilima cha Rwesero. Alifariki mjini Bujumbura tarehe 25 Julai 1959 kabla ya kuhamia humo. Mwaka 2006 kasri hilo likawa nyumba ya sanaa, hadi mkusanyo ulipohamishiwa Kigali. Basi kasri la kwanza halikupata kukaliwa na mwenyewe. La pili halikuweza kumwokoa mwenyewe.

Tulipoingia Kanombe tulilithibitisha hilo. Kambi ya jeshi ilikuwa jirani, ukuta ulikuwapo, hata mlango wa siri ulikuwapo. Lakini jioni ya tarehe 6 Aprili 1994, ndege iliyomchukua Rais pamoja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi ilidunguliwa ikikaribia kutua, na mabaki yake yakaanguka papo hapo penye makao hayo. Siku iliyofuata, watu waliovaa sare za serikali walimuua Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, na askari 10 wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa waliotumwa kumlinda nao wakauawa. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaenea nchi nzima, na zaidi ya watu milioni moja wakapoteza maisha.

Katika vyumba vya nyumba hiyo ndimo tulimosimama mbele ya sanamu. Kazi ya kuchonga mbao ni kazi ya kuondoa. Mchongaji hutafuta umbo lililojificha ndani ya gogo, akipunguza kidogo kidogo, kwa kuwa kipande kilichokatwa pasipostahili hakirudi tena mahali pake. Kwa hiyo hupima kabla ya kupiga, na mara nyingi huuzuia mkono wake.

Ndugu askari na polisi, risasi nayo hairudi. Sisi tulioaminiwa silaha tuna haja ya adabu hiyo ya mkono kuliko watu wengine wote. Mchongaji akikosea, hupoteza gogo. Sisi tukikosea, hupotea raia.

Leo lango lililolindwa dhidi ya raia huwafungukia raia hao hao. Mwenye nafasi ya kufika Kigali na aizuru nyumba hiyo. Azitazame sanamu kwa utulivu, kisha atoke bustanini ayatazame mabaki ya ndege. Humo atajifunza kwamba ukuta mrefu si ulinzi, iwapo mkono ulioshika silaha haukufundishwa kujizuia.