Mgonjwa Anayelishwa kwa Mpira: Tumbo Likisumbua Tufanye Nini?

Wengi wetu tumewahi kumtembelea mgonjwa mahututi na kumkuta na mpira mwembamba uliopitishwa puani hadi tumboni. Hiyo ndiyo njia yake ya kula. Lakini siku mbili tatu zikipita, tumbo laanza kujaa, au mgonjwa anahara, na jamaa wanasema, "Hayo maziwa yanammaliza, wacheni kumpa!" Hebu tuelewane kwanza.

Kwa nini alishwe?
Matumbo yasiyopata chakula hudhoofika, na mwili hula nyama yake wenyewe. Ndiyo sababu madaktari hupenda kuanza kumlisha mgonjwa kidogo kidogo katika saa 24 hadi 48 za kwanza, mradi mzunguko wa damu umetulia.

Kuhara
Mara nyingi kosa si la chakula. Dawa za kuua viini huua pia viini vyema vya matumboni. Baadhi ya dawa za maji zina sukari iitwayo sorbitoli, ambayo huharisha. Tena chakula kilichotayarishwa kwa mikono au vyombo vichafu huleta viini. Kwa hivyo tusikimbilie kusimamisha chakula. Mwambie nesi: amehara mara ngapi? Kuna damu?

Kufunga choo
Kulala tu, maji machache na dawa kali za maumivu hukausha choo. Wakati mwingine maji hupenya kando ya choo kigumu, nasi twadhani ni kuhara. Usimpe dawa yoyote ya tumbo kabla hajapimwa.

Tumbo kujaa na kutapika
Ugonjwa mkali hulegeza tumbo, na dawa kama mofini hulegeza zaidi. Chakula hukaa, kisha chapanda juu. Mgonjwa asiye na fahamu hawezi kukohoa vizuri, basi chakula chaweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia. Hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Kinga yake ni rahisi: kichwa na kifua viinuliwe kiasi cha digrii 30 hadi 45, isipokuwa daktari amekataza. Asilazwe chali mara tu baada ya kulishwa.

Aliyekaa siku nyingi bila kula
Huyu akishibishwa ghafla, madini ya damu kama fosfeti na potasiamu hushuka, na moyo waweza kusimama. Kwa hivyo mkiona anapewa kidogo, msidhani ananyimwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Kama nesi amekufundisha kulisha, iwe wodini au nyumbani, shika haya:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Vyombo viwe safi.
2. Angalia alama ya mpira puani. Ikiwa imesogea, usimwage chochote. Huenda mpira umetoka tumboni. Mwite nesi aupime.
3. Mpe chakula kile tu alichoagiziwa. Uji mzito huziba mpira.
4. Acha chakula kiteremke chenyewe polepole. Usikisukume kwa nguvu.
5. Kabla na baada ya kulisha, pitisha maji safi yaliyochemshwa na kupoa, kama mililita 30 kwa mtu mzima, au kiasi ulichoagizwa.
6. Chakula kilichokorogwa kisikae nje zaidi ya saa 4. Kilichobaki kimwagwe.
7. Usimpe kijiko cha chai kwa siri. Huenda hawezi kumeza.

Simamisha kulisha na uite msaada mara moja ukiona mgonjwa anakohoa au kupumua kwa shida, midomo inageuka rangi, anatapika, tumbo limekuwa gumu kama ngoma, au choo ni cheusi au kina damu. Ikiwa mko nyumbani, msingoje asubuhi, mpelekeni hospitali.

Sisi jamaa twaweza kusaidia sana, maana nesi mmoja huangalia vitanda vingi, nasi twaketi kando ya kimoja. Tuandike katika daftari saa aliyolishwa, kiasi alichopewa, na jinsi choo kilivyokuwa. Daktari akipita, daftari hilo litamwonyesha mambo ambayo mgonjwa mwenyewe hawezi kuyasema.