Nduli Amin, Ukimya wa Afrika na Foleni za Kariakoo

Idi Amin alipotwaa madaraka nchini Uganda tarehe 25 Januari 1971, Uingereza iliharakisha kumtambua, ilhali Tanzania ilikataa na kumpa hifadhi jijini Dar es Salaam Milton Obote, rais aliyepinduliwa. Utawala uliofuata ulikuwa wa kidikteta, yaani amri ya mtu mmoja isiyodhibitiwa na bunge wala mahakama: Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa ndani ya jengo la Mahakama Kuu na hakurudi tena, Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, na makadirio ya waliouawa kwa jumla hufikia watu 300,000.

Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ulijikinga kwa kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani, inayoiacha kila serikali itende itakavyo ndani ya mipaka yake, na mwaka 1975 ulikutana Kampala na kumfanya Amin mwenyekiti. Tanzania, Zambia na Botswana zilisusia, na zilistahili sifa, kwani haikuwa haki kuwalaani makaburu wa Afrika Kusini kwa kuua Waafrika na kunyamaza muuaji alipokuwa Mwafrika; ingawa ni lazima ikubalike kwamba Tanzania yenyewe ilikuwa na sheria ya mwaka 1962 ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani.

Hata hivyo, kilichomwondoa Amin si lawama, bali ni vita ambayo Tanzania iliingia baada ya majeshi ya Amin kuvamia mkoa wake wa Kagera Oktoba 1978. Rais wa Tanzania, Mwalimu Nyerere, aliwatangazia vita hiyo wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee tarehe 2 Novemba, na Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili 1979. Mwezi Julai, katika mkutano wa OAU huko Monrovia, baadhi ya viongozi wa Afrika waliilaumu Tanzania, ilhali wananchi wake walitakiwa kufunga mikanda kwa miezi 18. Vita ilikuwa imemeza fedha za kigeni, mafuta yakapanda bei, na Kariakoo, mtaa wa biashara wa Dar es Salaam ambako soko jipya lilikuwa limefunguliwa miaka michache tu kabla, mche wa sabuni na kilo ya sukari vikawa vitu vya foleni na magendo. Muuza duka na mchukuzi ndio waliolipa gharama ambayo wakuu wa nchi waliikwepa.

Hatimaye, mwaka 1981, OAU hiyo iliyonyamaza ilipitisha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na leo Mahakama inayousimamia iko Arusha. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi kuishitaki serikali moja kwa moja mbele ya Mahakama hiyo. Tamko hilo lirudishwe.