Tuisheni ya Kihispania: Usiuziwe Mbuzi Kwenye Gunia

Vuta kiti, maana ya leo yanakuhusu, hasa kama uko Moshi, Arusha, Zanzibar au hata pale Mwenge kwenye vinyago, mahali ambapo mgeni akitua na wewe ukafungua mdomo kwa lugha yake, mshiko unajileta wenyewe.

Nina mshikaji wangu Moshi, jina naliweka kapuni maana ameshaaibika vya kutosha. Jamaa amepanda Mlima Kilimanjaro mpaka hesabu imempotea, lakini kama mgumu, yaani mpagazi. Anabeba zile kilo 20 ambazo hifadhi inaruhusu, na siku mzani ukifumba macho anabeba zaidi. Mafunzo ya kuongoza watalii alishamaliza. Kilichobaki ni kupata mtu wa kumtoa kwenye mizigo.

Siku moja bosi wake akawaita vijana wote akawaambia: "Julai na Agosti Wahispania wako likizo, wanakuja makundi kwa makundi, na Kiingereza chao wengi ni cha kuunga. Atakayejua lugha yao namfanya msaidizi wa kiongozi." Mshikaji hakulala. Asubuhi yuko kwangu: "Kaka, nitafutie mwalimu wa Kihispania."

Mimi na kiherehere changu, nikamtafutia.

Kijiweni nilielekezwa kwa bwana mmoja nadhifu, miwani myeusi, shati limenyooshwa mpaka mikunjo inakata. Anasema amekaa nje miaka minne na lugha hiyo anaiota hata usingizini. Masharti: laki moja na nusu kwa mwezi, taslimu, mbele. Mshikaji alikuwa na elfu sabini, elfu themanini nikamwazima mimi. Akasoma mwezi mzima. Daftari limejaa. Kila nikimpita namsikia ananung'unika peke yake kama anayekariri Sala ya Bwana.

Kundi la kwanza likatua. Lango la Machame, asubuhi, baridi, wageni kumi na wawili. Mshikaji akajitokeza kifua mbele: "Bom dia!" Wageni wakatazamana. Mmoja akampa mkono na pipi, naye akajibu kwa sauti: "Obrigado!" Hapo mama mmoja mtu mzima akamwekea mkono begani, akamwambia kwa upole kwamba hicho alichosema ni Kireno.

Bwana we! Kumbe yule mwalimu nje yenyewe ni Maputo. Alichofundisha mwezi mzima ni Kireno cha Msumbiji, na hata hicho, nasikia, ni cha sokoni. Tulipomfuata alijibu bila kupepesa macho: "Si ni lugha ndugu hizo!" Ndugu ni kweli. Hata mimi na mjomba wangu ni ndugu, lakini mshahara wake haunifikii. Nafasi alipewa kijana mwingine, na mshikaji akapanda mlima na begi kichwani kama kawaida, siku sita, nyuma ya watu aliojiandaa kuzungumza nao.

Basi nikaona deni langu si zile elfu themanini peke yake. Ilibidi nimtafutie mwalimu wa kweli, na kwa kuwa mimi mwenyewe Kihispania sikijui, nikatafuta jinsi ya kumpima mtu anayesema anajua usichokijua. Nilichokipata nakupa bure.

Mwandikie maneno kwenye karatasi, umwambie asome. "Hola" isomwe "ola", maana h ya Kihispania ni bubu kabisa. "Hijo", yaani mtoto wa kiume, ni "iho", na hiyo j inatoka kooni kama kh ya kheri. "Niño" ni "ninyo", ny ileile ya nyanya. "Queso", jibini, ni "keso". Kisha muulize tofauti ya "pero" na "perro". La kwanza ni lakini, la pili ni mbwa, na hapo ulimi lazima utetemeke kama pikipiki inayowashwa. Akisema ni yaleyale, muage. Mwisho fungua habari za Kihispania kwenye simu, ziko tele, msikilize pamoja dakika mbili akueleze zinasema nini. Tapeli hapo hutoka jasho hata kama ni Juni na uko Moshi.

Na hapa nikagundua kitu ambacho kingetakiwa kutangazwa kwa kipaza sauti: sisi Waswahili tuna bahati na lugha hii. Irabu zake ni tano, a, e, i, o, u, na zinatamkwa kama zetu. Mwingereza anahangaika nazo, wewe umezaliwa nazo. Kule Hispania kwenyewe, sehemu kubwa ya nchi, "gracias" inasemwa kwa th ya thelathini, wakati Amerika ya Kusini wanasema s tu. D ikikaa katikati ya irabu inalainika kama dh ya dhahabu. Hata maneno tumegawana: meza kwao ni "mesa", bendera ni "bandera", kwa sababu sisi tuliyachukua kwa Mreno, yule ndugu yao. Sukari ni "azúcar", na "hata" yetu ina pacha wake "hasta", yote hayo yakitoka kwa Mwarabu, aliyekaa Hispania karne nyingi kama alivyokaa pwani yetu.

Kwa hiyo mwalimu anayekufundisha Kihispania kwa kupitia Kiingereza anakuzungusha Chalinze wakati njia ya mkato ipo. Chukua ile mada inayowatoa watu machozi, kwamba Kihispania kina vitenzi viwili vya "kuwa". Kwa Kiingereza utaelezwa wiki mbili. Kwa Kiswahili unaambiwa tu: "soy guía" ni "mimi ni mwongozaji", na "estoy en Moshi" ni "niko Moshi". Ni na niko! Haiendi hivyo kila mahali, lakini kwa kuanzia inatosha. Halafu hiyo njia ya Kiingereza ina mashimo. Dada mmoja wa hotelini alitaka kusema ameona aibu, akachukua neno la Kiingereza akaligeuza kidogo likawa "embarazada". Mgeni akampongeza na kumuuliza anatarajia kujifungua lini. Neno hilo maana yake ni mjamzito.

Sasa walimu wa kweli wako wapi? Bongo tunao kuliko tunavyodhani. Kuna Watanzania waliosoma Kuba. Zanzibar wamepita madaktari wa Kuba kwa miaka mingi, na kuna Wazanzibari walioishi nao. Kuna masista na mapadre wamisionari kutoka Hispania na Meksiko, ambao hawaweki tangazo popote, inabidi uulize parokiani kwa adabu. Kuna wale vijana wa kujitolea wanaojaa Moshi na Arusha. Hawa ni wazuri kwa mazungumzo, lakini kuzaliwa na lugha si kujua kuifundisha. Mimi nimezaliwa na Kiswahili, na ukiniuliza ngeli ya U-I nitakuomba ruhusa niende msalani.

Na kuna intaneti. Tovuti kama italki na Preply zina walimu kutoka Bogotá mpaka Madrid, kila mmoja na bei yake kaiandika, na unaweza kuanza na somo la majaribio. Wa Amerika ya Kusini mara nyingi wana nafuu kuliko wa Hispania. Saa zenyewe si mbaya: kwetu ikiwa saa mbili usiku umetoka kazini, Kolombia ni saa sita mchana. Ubaya wake ni kadi ya benki na bando. Somo likikatika katikati ya sentensi, mwalimu hawezi kukufuata nyumbani.

Hawa wa Kuba tusiwashangae, historia ipo. Mwaka 1965 Che Guevara alipita Dar es Salaam kwa siri akielekea Kongo. Yeye na wenzake walijibatiza namba za Kiswahili: kulikuwa na Moja, kulikuwa na Mbili, na Che mwenyewe akawa Tatu. Kule Kongo akapewa kijana mdogo, Freddy Ilanga, awe mkalimani wake na kumfundisha Kiswahili. Mwanamapinduzi wa dunia nzima, mwalimu wake ni kijana wa miaka 16! Vita haikwenda vizuri, Che akarudi Dar akajifungia ubalozi wa Kuba kuandika kumbukumbu zake. Ilanga yeye akapelekwa Kuba. Mwalimu sasa akawa mwanafunzi, akajifunza Kihispania, akasoma mpaka akawa daktari wa upasuaji wa ubongo, na alifariki hukohuko mwaka 2005. Kwa hiyo mtu akikwambia lugha ya mtu haikufikishi popote, mpe salamu zangu.

Sisi tulimpata mzee mmoja mstaafu aliyesoma Kuba ujanani. Tulimwamkia shikamoo, tukatoa karatasi yetu kwa aibu kidogo. Mzee akasoma yote, akacheka. "Nani kawafundisha kunipima namna hii?" Tukamsimulia ya Bwana Obrigado. Alicheka mpaka akavua kofia.

Kisha akaweka masharti yake, na hapo ndipo nilipojua huyu ni mwalimu. Hataki pesa ya mwezi, anataka elfu tano kila somo, ukitokea. Mara mbili kwa wiki, barazani kwake, na nyumbani nusu saa kila siku. Alipoulizwa itachukua muda gani hakusema mwezi mmoja. Akasema wanadiplomasia wa Marekani, ambao kusoma ndiyo kazi yao kutwa nzima, wanapangiwa kama wiki 30 kwa Kihispania. (Kiswahili chetu wanakipangia 36, kwa hiyo tutembee kifua mbele.) "Wewe mwanangu," akamwambia mshikaji, "miezi sita utaongoza watu mlimani. Kubishana nao siasa, bado."

Na akatueleza mapema kasoro yake: Kihispania chake ni cha Kuba, s za mwisho anazimeza. Tena Hispania wakisema "ninyi" na marafiki wana neno lao, "vosotros", ambalo Kuba hawalitumii. Akaahidi kumfundisha ya Madrid, kwa kuwa wateja ndio hao. Akamwonya pia kuhusu "coger". Kwa Mhispania ni kuchukua, unaweza ku-"coger" basi mchana kweupe mbele ya mama mkwe. Ukimwambia hivyo Muargentina au Mmeksiko, basi hilo umelifanyia jambo ambalo gazeti hili haliwezi kuchapa.

Akina dada, la kwenu sikulisahau. Tuisheni ya mtu binafsi isiwe ya chumbani kwa mtu binafsi. Baraza, maktaba, mgahawa wenye watu, sawa. Anayesema hawezi kufundisha mpaka mlango ufungwe, huyo somo lake si lugha.

Kama unataka cheti cha kumwonyesha bosi, mtihani unaotambulika unaitwa DELE, unatoka Instituto Cervantes ya Hispania, na ngazi zake zinaanzia A1 hadi C2. Muulize mwalimu wako anakupeleka ngazi gani. Asipoelewa swali, unajua la kufanya.

Mshikaji sasa yuko mwezi wa nne. "Pole pole" anasema "poco a poco", na kuagiza bia kwa Kihispania anajua kwa lafudhi mbili. Bosi amemsikia akiongea na wageni wawili pale ofisini, akamwambia amwekee tarehe za Agosti. Mzigo bado anabeba, na elfu themanini zangu bado sijaziona, ila sasa hivi sithubutu kudai.

Juzi tulikuwa stendi, tukamwona yule bwana wa miwani, shati lilelile. Nilidhani mshikaji atamkunja. Wapi! Akamwendea, akampa mkono, akamwambia: "Gracias, profesor."

Jamaa akatabasamu, akajibu: "De nada."

Hilo alipatia. Ndilo wanalosema Wareno, na ndilo wanalosema Wahispania.