Shampeni Ni Kazi ya Mkulima

Kwenye harusi zetu shampeni huja na kelele. MC anahesabu, vijana wanaitikisa chupa, kizibo kinaruka hadi kwenye mapambo ya ukutani, na robo nzima inamwagika zuliani kabla maharusi hawajagonganisha glasi. Iliyobaki inanywewa pamoja na keki, watu wanakunja uso, na wengi wanarudi nyumbani wakiamini kwamba kinywaji hiki kipo kwa ajili ya kuonyesha fedha tu. Hawakutendewa haki, na chupa nayo haikutendewa haki.

Kosa la kwanza ni keki. Chupa nyingi zimeandikwa “brut”, yaani sukari yake haifiki gramu 12 kwa lita. Ulimi ukishajaa sukari ya keki, brut inageuka kuwa ndimu. Anayetaka kula keki na shampeni atafute iliyoandikwa “demi-sec”, yenye gramu 32 hadi 50. Brut ibaki kwa vyakula vya mafuta na chumvi: sambusa, chipsi, dagaa wa kukaanga, kuku wa kukaanga mwenye ngozi kavu. Uchachu wake unakata mafuta, mapovu yanasafisha ulimi, na tonge linalofuata linaonjeka upya. Sijaona kinywaji kinachoipenda sambusa ya nyama kiasi hicho.

Nazungumza kama mtoto wa zabibu. Nimekulia Hombolo, Dodoma, ambako mzee wetu alinifundisha kupogolea mizabibu kabla sijajua kusoma vizuri. Kwetu mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka. Ufaransa unavunwa mara moja, na katika jimbo la Champagne, kaskazini kabisa mwa mashamba ya mizabibu ya nchi hiyo, baridi ya masika ikiua machipukizi, mwaka mzima wa mkulima unaweza kwenda hivyo hivyo. Nilipolifahamu hilo, nilitaka kwenda kuwaona watu wenyewe kuliko kuona majina yao kwenye chupa.

Kwanza nieleze mapovu yanatoka wapi. Zabibu hukamuliwa, maji yake yakachachuka na kuwa mvinyo wa kawaida, mkali, usio na povu. Huo hutiwa kwenye chupa pamoja na sukari kidogo na hamira, kisha chupa hufungwa kabisa. Hamira inakula sukari na kutoa hewa ya kaboni, nayo hewa ikikosa njia ya kutokea inayeyuka ndani ya mvinyo. Nguvu inayojengeka humo ni zaidi ya mara mbili ya upepo wa tairi la gari dogo, ndiyo maana glasi ya chupa hizo ni nene na kizibo kimefungwa kwa waya. Hamira ikimaliza kazi inakufa na kuzama kama mashapo, na mvinyo hulala juu ya mashapo hayo miezi mingi, ukichukua ladha ya mkate na karanga. Sheria ya Champagne inataka chupa isiuzwe kabla ya miezi 15, na ile ya mavuno ya mwaka mmoja maalumu isitoke kabla ya miaka 3.

Watu hupenda kusimulia kwamba mtawa Dom Pérignon ndiye aliyegundua mapovu. Sivyo. Aliyasimamia maghala ya mvinyo ya abasia ya Hautvillers tangu 1668 hadi alipofariki 1715, na enzi zake povu lilihesabiwa kuwa hitilafu, maana lilipasua chupa. Sifa yake ya kweli ni ustadi wa kuchanganya zabibu za mashamba mbalimbali. Mimi nampenda zaidi Barbe-Nicole Ponsardin, ambaye dunia inamjua kama mjane Clicquot. Alifiwa na mumewe 1805, akiwa na umri wa miaka 27, akaishika biashara mwenyewe wakati ambao wanawake hawakutarajiwa kufanya hivyo. Tatizo lililowasumbua watengenezaji wote lilikuwa mashapo: utayatoaje bila kupoteza povu? Mwaka 1816 kampuni yake ilianza kutumia meza iliyotobolewa matundu. Chupa zilichomekwa humo shingo chini, zikawa zinazungushwa kidogo kidogo kila siku hadi mashapo yote yakakusanyika kwenye kizibo. Viwanda vikubwa leo vina mashine za kazi hiyo, lakini mbao zile zenye matundu bado utazikuta.

Mimi nilizikuta Avize, kijiji cha zabibu nyeupe za chardonnay kilichopo kusini mwa mji wa Épernay. Binamu yangu anaishi Reims na ndiye aliyenitafsiria. Mkulima aliyetupokea ni mtu mzima mwenye mikono mipana, anayelima, anayekamua na anayeuza mwenyewe. Alitushusha ngazi hadi chini ya nyumba yake, akachomoa chupa moja na kuimulika tochi kwa nyuma. Juu ya kizibo kulikuwa na tabaka la unga wa kijivu, unene wa ukucha. Akaishika chupa ikiwa kichwa chini, akaiinua polepole huku akilegeza kizibo, na ghafla, kabla haijasimama, akaiachia: mashapo yakaruka ndani ya pipa na papo hapo kidole gumba kikaziba mdomo. Alikuwa amepoteza mvinyo usiojaa kikombe cha kahawa. Siku hizi wengi hugandisha shingo ya chupa kwanza ili mashapo yatoke kama kipande cha barafu. Yeye alitaka tuone mkono unavyofanya.

Kisha akatufungulia nyingine ya kunywa. Aliipoza hadi nyuzi 8 au 10 hivi, akalegeza waya huku kidole kikiwa bado juu ya kizibo, akaiinamisha, akaanza kuzungusha. Aliizungusha chupa; kizibo alikishikilia tu. Hakukuwa na mlipuko wowote, pumzi fupi tu ikatoka. “Kaka,” binamu yangu akaninong’oneza, “anasema kila tone limemgharimu mwaka, kwa nini alimwage?” Nimeifungua hivyo kila chupa tangu siku ile, na glasi ninazotumia ni zenye tumbo kidogo na mdomo mwembamba, kwa sababu zile bapa hupoteza harufu haraka.

Jambo ambalo wageni wengi hawalifahamu ni hili: karibu asilimia 90 ya mashamba ya Champagne ni ya wakulima, wapatao 16,000, ilhali chupa nyingi zinazouzwa duniani hubeba majina ya makampuni makubwa yanayonunua zabibu zao. Mvutano huo una historia chungu. Mwaka 1911, baada ya misimu mibaya, wakulima walichoka kuona wafanyabiashara wakileta zabibu za bei rahisi kutoka majimbo mengine na kuziuza kwa jina la Champagne. Katika mji wa Aÿ maghala yalivunjwa na nyumba zikachomwa moto, jeshi likaletwa. Mipaka ya jimbo iliyopo leo ilitokana na mapambano hayo. Kwa hiyo ukishika chupa, tafuta herufi ndogo kwenye lebo. RM ni mkulima anayetengeneza mvinyo kwa zabibu zake mwenyewe. NM ni kampuni inayonunua zabibu. CM ni chama cha ushirika. Siwasemi vibaya wakubwa, wapo wanaofanya kazi safi sana. Lakini fedha zangu nazipeleka RM, na mara nyingi napata kitu bora kwa bei ndogo zaidi.

Reims wenyewe ni mji wa kwenda hata kama hunywi kabisa. Kutoka kituo cha Gare de l’Est jijini Paris, treni ya kasi inatumia dakika 45 hivi. Wafalme wa Ufaransa walitawazwa katika kanisa lake kuu, na madirisha ya vioo aliyoyachora Marc Chagall, yaliyowekwa 1974, yanatia rangi ya buluu hadi sakafuni. Chini ya mji kuna machimbo ya chaki yaliyoanza enzi za Warumi, marefu kwenda juu, ambayo makampuni yameyageuza maghala. Kwenye maghala ya kampuni ya Pommery unashuka ngazi 116. Baridi yake ni nyuzi 10 hadi 12 mwaka mzima, basi chukua sweta hata mwezi wa nane. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mji ulipopigwa mizinga, wakazi walihamia humo humo. Watoto walisoma chini ya ardhi. Tangu 2015 vilima, nyumba na maghala ya Champagne vimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Shampeni ni ghali, na hapo ndipo ninapowaambia marafiki waangalie ile iitwayo crémant. Ni mvinyo wa mapovu uliotengenezwa kwa njia ile ile ya kuchachuka ndani ya chupa, zabibu zikichumwa kwa mkono, lakini katika majimbo mengine: Alsace, Bourgogne, Loire, Jura, Limoux na kwingineko. Muda wa kulala juu ya mashapo ni angalau miezi 9. Alsace ina barabara ya mvinyo ya kilomita 170, inayopita vijiji vyenye nyumba za mbao na maua madirishani, na crémant yake ndiyo rahisi kupatikana. Kule Saumur, kando ya mto Loire, maghala yamo ndani ya mapango ya jiwe laini jeupe, yaliyobaki baada ya watu kuchimba mawe ya kujengea majumba ya kifalme; mapango mengine hulimwa uyoga. Kampuni ya mvinyo ya Ackerman ipo hapo tangu 1811. Zabibu yao kubwa ni chenin, yenye harufu ya tufaha na asali.

Kusini, karibu na Carcassonne, watu wa Limoux wanajivunia kwamba watawa wa abasia ya Saint-Hilaire walikuwa na mvinyo wa mapovu tangu 1531, kabla Dom Pérignon hajazaliwa. Na kwa wale wasiopenda uchachu, ambao kwetu ni wengi, ipo Clairette de Die, kutoka bonde la mto Drôme. Zabibu yake ni muscat kwa sehemu kubwa. Uchachukaji unaachwa ukome wenyewe ndani ya chupa kabla sukari ya zabibu haijaisha, bila kuongezwa chochote. Inanukia ua na pichi, ina utamu wake wa asili, na kilevi chake ni asilimia 7 hadi 9. Hii ndiyo ningeiweka mezani na keki ya harusi bila wasiwasi.

Ukipanga safari, waandikie wakulima mapema na uweke miadi. Usiende katikati ya mavuno, ambayo mara nyingi huangukia mwezi wa tisa, ukitegemea mkulima mdogo akae nawe. Wakati huo hana hata nafasi ya kula. Mwezi wa tano na wa sita ni mizuri, majani yamefunguka na watu wana muda. Kutema mvinyo kwenye ndoo iliyowekwa ni adabu ya kawaida, hakuna atakayekushangaa, na ukiwa na nyumba tatu za kuonja kwa siku utaihitaji. Kati ya Reims na Épernay kuna treni. Kwenda vijijini, kodi dereva au baiskeli. Na ukimaliza kuonja, nunua japo chupa moja kwa mkulima aliyekupa saa yake nzima.