Usiogope Kipimo cha Umeme wa Moyo

Akina mama wengi wanapoambiwa wakapimwe moyo kwa mashine huingiwa na hofu. Wakiona nyaya kando ya kitanda hudhani watapigwa shoti. Wengine huona haya kuvua blauzi, wakaahirisha kipimo huku ugonjwa ukiendelea. Tukielewa kipimo hiki, hofu hupungua na majibu huwa ya kuaminika.

KIPIMO HIKI NI NINI?

Moyo hujitengenezea umeme mdogo unaoufanya udunde. Mwaka 1924 Mholanzi Willem Einthoven alitunukiwa Tuzo ya Nobeli kwa kazi yake ya kuuchora umeme huo. Mashine, ambayo hospitalini huitwa ECG, haikutii umeme mwilini. Hupokea tu ule unaotoka kwako. Kwa kawaida huwekwa vibandiko 10: 6 kifuani na 4 mikononi na miguuni. Hakuna sindano wala mionzi, hivyo hata mama mjamzito anaweza kupimwa.

KWA NINI MCHORO HUHARIBIKA?

Umeme wa moyo unaofika kwenye ngozi ni kama milivolti 1 tu. Betri moja ya tochi ina volti 1.5, yaani mara 1,500 zaidi. Kitu kidogo hivyo huvurugika upesi. Misuli nayo ina umeme wake: ukitetemeka kwa baridi au ukizungumza, mashine huchora na hayo. Mafuta na jasho hufanya vibandiko visishike vizuri. Nyaya za mkono wa kulia na wa kushoto zikibadilishwa, moyo mzima unaweza kuonekana mgonjwa.

UNAVYOWEZA KUSAIDIA

1. Siku ya kipimo usijipake mafuta kifuani, mikononi wala miguuni.

2. Vaa blauzi yenye vifungo mbele na uchukue khanga ya kujifunika. Sidiria itavuliwa. Vibandiko vingine huwekwa chini ya titi la kushoto. Ni utaratibu wa kawaida. Ukiona haya, omba muuguzi wa kike au mtu wa kukaa nawe.

3. Lala ukiwa umelegeza mwili, mikono ubavuni, bila kugusa chuma cha kitanda. Ukisikia baridi, sema ufunikwe.

4. Weka simu mbali nawe.

5. Ukiona waya uliochubuka au plagi iliyolegea, mwambie mhudumu kabla hajawasha mashine.

6. Kama umewekewa kifaa cha kuusaidia moyo kudunda, mjulishe.

JAMBO LA KUKUMBUKA

Mchoro wa kawaida huonyesha sekunde 10 hivi tu za maisha ya moyo wako. Unaweza kutoka mzuri na bado kukawa na tatizo. Kwa hiyo, dada mpendwa, ukibanwa kifua, ukiishiwa pumzi, ukichoka kupita kiasi bila sababu, au maumivu yakienda kwenye taya, mgongo au mkono, rudi hospitali mara moja, hata kama jana uliambiwa moyo ni mzima. Usingoje umalize kupika.