Ekografi Si ya Wajawazito Peke Yao

Pale Nguba, hapa Bukavu, ukisema unaenda kufanya ekografi, jirani atauliza mimba ina miezi mingapi. Kwa hiyo mama wa miaka 60 ambaye tumbo limeanza kujaa haendi. Atapewa dawa ya minyoo, atanong'onezwa kwamba amelishwa sumu iitwayo karuho, au ataambiwa ni uzee tu.

Lakini kipimo hiki, kinachochora picha kwa mwangwi wa sauti, kina deni kubwa kwa matumbo kama lake. Mwaka 1955, daktari Ian Donald wa Glasgow alipakia garini vivimbe vilivyotolewa kwa wagonjwa, akavipeleka kiwanda cha Babcock & Wilcox, ambako sauti ilitumika kutafuta nyufa ndani ya chuma. Vifuko vya maji vya ovari vikarudisha mwangwi tofauti na uvimbe wa nyama. Baadaye akampima mwanamke aliyekatiwa tamaa kwa saratani ya tumbo. Mwangwi ukaonyesha kifuko kikubwa cha ovari. Kikatolewa, mama akapona. Makala yake ya 1958 katika jarida la Lancet ilihusu hasa vivimbe vya tumboni.

Mtetemo wa sauti ukiwa wa kasi zaidi, picha huwa safi zaidi, ila sauti haifiki mbali. Hedhi ikishakoma, ovari husinyaa, na ukipima juu ya tumbo lenye mafuta au gesi ni rahisi kuikosa. Ndiyo sababu daktari huomba kupitisha kipimo chembamba ukeni, karibu na ovari. Mama aelezwe hilo kabla hajavua nguo, si baadaye.

Kifuko cheusi, chenye ukuta mwembamba na kisicho na nyama ndani, kwa kawaida hakitishi. Kentucky, Marekani, walipima wanawake 15,106 wa miaka 50 na kuendelea: asilimia 18 walikuwa navyo, na karibu asilimia 70 ya vifuko hivyo vilitoweka vyenyewe. Kinachotisha ni vyumba vingi, vipande vya nyama, uvimbe wa ovari zote mbili na maji tumboni. Tangu 1990 kuna hesabu ya kuzidisha alama za picha kwa kipimo cha damu cha CA-125. Aliyekoma hedhi huzidishiwa tena mara 3. Jibu likipita 200, suala ni la daktari bingwa.

Basi wapimwe wote? Uingereza walijaribu kwa wanawake zaidi ya 200,000, na matokeo ya 2021 hayakuonyesha vifo kupungua. Ekografi humfaa mwenye dalili zisizoisha: tumbo kujaa, kushiba upesi, maumivu ya nyonga, kukojoa kila mara.

Nchini kwetu kuna mtego mwingine. Kifua kikuu cha tumboni nacho huleta maji na kupandisha CA-125, na mgonjwa wake hutibiwa kwa vidonge. Maji ya tumboni yanaweza kuvutwa yapelekwe maabara. Kifuko chenyewe kinachoshukiwa kisichomwe sindano: kama ni saratani ambayo bado imefungiwa ndani, seli zaweza kumwagika.