Tupande Miti Hata Kama Tutarudi Kwetu

Mwezi huu tunaongea juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakiona kidogo, yaani mti ulio mbele ya nyumba.

Mara nyingi tukiwa kwenye foleni ya maji tunasikia mtu akisema: "Mimi nipande mti hapa wa nini? Hapa si kwetu. Kesho kutwa tunarudi." Tunamwelewa. Hata sisi tunaoandika gazeti hili tumewahi kusema hivyohivyo. Kupanda mti ni kama kukubali kwamba utakaa. Mti ni wa mtu mwenye shamba lake, mahali walipozikwa babu zake. Sisi tulipewa kiwanja chenye namba na shitingi ya kuezekea. Basi miaka ikapita. Mtoto aliyekuja akibebwa mgongoni sasa yuko darasa la sita, na mbele ya mlango bado ni vumbi tupu.

Lakini leo si habari ya maembe wala kivuli peke yake. Ni habari ya kichwa na moyo wa mtu. Wataalamu wameuliza kwa miaka mingi: je, miti na majani karibu na makao ya watu yana faida gani kwa afya? Tumechagua uchunguzi wa aina tatu uliofanyika Marekani. Tumeuchagua kwa sababu moja: watu waliochunguzwa hawakuwa matajiri wenye bustani. Ni watu ambao, kama sisi, walikuta mahali pao pamekwisha kupangwa.

MGONJWA NA DIRISHA LAKE

Wa kwanza ni wa hospitali moja katika jimbo la Pennsylvania. Mtaalamu anayeitwa Roger Ulrich alichukua kumbukumbu za wagonjwa waliolazwa kati ya mwaka 1972 na 1981. Wote walikuwa wamepasuliwa mfuko wa nyongo. Vyumba vyao vilifanana, ila dirisha. Wengine wakitazama nje waliona miti. Wengine waliona ukuta wa matofali.

Akawapanga wawiliwawili, mmoja wa miti na mmoja wa ukuta, wenye umri na hali zinazokaribiana. Walikuwa 46 kwa jumla. Matokeo yalichapishwa mwaka 1984. Wale wa dirisha la miti walikaa hospitalini siku 7.96 kwa wastani, na wale wa ukuta siku 8.70. Tena wale wa miti walitumia dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi, na manesi waliandika malalamiko machache juu yao.

Angalieni vizuri: hakuna aliyeugusa mti ule. Hakuna aliyekaa chini yake. Waliuona tu, wakiwa wamelala kitandani.

WATU WALIOPANGIWA NYUMBA

Wa pili ni wa mji wa Chicago. Huko kulikuwa na nyumba za watu maskini zilizoitwa Robert Taylor Homes: majengo 28 yaliyofanana, kila moja la ghorofa 16, yamepangwa mstari mrefu. Zamani palipandwa miti na nyasi kuyazunguka. Baadaye sehemu kubwa ikafunikwa kwa lami na saruji, ili kupunguza vumbi na gharama ya kutunza. Miti mingi ikafa. Ila hapa na pale, mbele ya majengo fulani, ilibaki.

Sasa sikieni jambo linalotuhusu. Watu wa pale hawakuchagua jengo. Ofisi ya nyumba ndiyo iliyowapangia: wewe nenda hapa, wewe nenda kule. Je, si tunalijua hilo? Kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba wenye miti ni watu wenye pesa, ndiyo maana wana raha. Umaskini ulikuwa uleule, majengo yaleyale. Tofauti ilikuwa miti.

Watafiti wawili wa chuo kikuu cha Illinois, Frances Kuo na William Sullivan, walizungumza na wanawake 145 wa majengo hayo. Waliwapa pia jaribio dogo: unasomewa namba, nawe unazirudisha kinyumenyume. Ukisikia 4, 7, 2, unajibu 2, 7, 4. Namba zinaongezeka mpaka kichwa kinashindwa. Mwaka 2001 walitoa matokeo. Wanawake waliokaa karibu na miti walifanya vizuri zaidi katika jaribio hilo, na pia walieleza ugomvi na kupigana kidogo zaidi nyumbani kuliko wale wa majengo yaliyo makavu.

Mwaka 2002 wakatoa habari za watoto 169 wa hapohapo, wenye miaka 7 hadi 12. Wasichana ambao kutoka nyumbani kwao waliona miti na majani waliweza zaidi kutuliza akili, kujizuia, na kungoja kitu kizuri bila kukurupuka. Kwa wavulana tofauti hiyo haikuonekana. Watafiti walifikiri labda ni kwa sababu wavulana huenda kucheza mbali, lakini msichana anashinda karibu na nyumba. Hapo nasi tujiulize: binti zetu wanaoshinda na wadogo zao mlangoni, wanatazama nini kutwa nzima?

Majengo yale hayapo tena. La mwisho lilibomolewa mwaka 2007. Lakini somo lake limebaki.

KWA NINI IWE HIVYO?

Wataalamu wengine wawili, Rachel na Stephen Kaplan, walieleza hivi: kichwa kina nguvu ya kushikilia jambo moja bila kutawanyika, na nguvu hiyo huchoka kama vile mkono unavyochoka kwa kutwanga. Mtu ambaye nguvu hiyo imemwishia anasahau, anakosea, anakasirika upesi.

Fikirini kazi ambayo vichwa vyetu vinafanya kila siku. Kuhesabu unga ufike mwisho wa mwezi. Kusikiliza kama namba yako imeitwa. Kusoma majina yaliyobandikwa ubaoni, halafu kurudi kuyasoma tena, labda ulipitwa. Kukumbuka tarehe zote sawasawa kwa sababu utaulizwa kwenye mahojiano. Na usiku, kukumbuka yale ambayo hatutaki kukumbuka. Kichwa kama hicho kinapumzika wapi?

Majani yanayotikiswa na upepo yanavuta jicho bila kulilazimisha. Ndege akitua unamtazama bila kuchoka. Hapo kichwa kinapata nafasi ya kujaza nguvu yake. Kuna na faida nyingine tunazozijua hata bila kitabu: kivuli kinapunguza joto, majani yanazuia vumbi, na chini ya mti majirani wanakaa wakaongea. Mtu anayeongea na mwenzake hajafungiwa na mawazo yake.

"LAKINI MTI UNACHELEWA KUKUA"

Hili ndilo swali lililobaki. Mtu atasema: "Sawa, lakini mpaka mti ukue, mimi nitakuwa nimekwisha kuondoka." Jibu tunalipata katika uchunguzi wa tatu, wa mji wa Philadelphia.

Mji huo una viwanja vingi vilivyoachwa, vimejaa takataka, vyuma na magugu. Watafiti, akiwemo daktari Eugenia South na mtaalamu Charles Branas, walichukua viwanja 541 na kuvigawa kwa bahati nasibu katika mafungu matatu. Fungu la kwanza liliondolewa taka, likapandwa nyasi na miti michache, likawekewa uzio mfupi wa mbao, na watu walirudi kila mara kulitunza. Fungu la pili lilizolewa taka tu. La tatu liliachwa kama lilivyo. Watu wanaokaa karibu waliulizwa hali zao kabla ya kazi na baada yake.

Matokeo yalitoka mwaka 2018. Ikilinganishwa na mahali palipoachwa, watu waliokaa karibu na viwanja vilivyopandwa walipungua kusema wanajisikia wamevunjika moyo, kwa zaidi ya asilimia 41. Na katika mitaa iliyo maskini zaidi, upungufu huo ulizidi asilimia 60. Pale palipozolewa taka bila kupandwa kitu, nafuu kama hiyo haikuonekana.

Yote hayo yalipimwa katika muda wa miezi kama 18 baada ya kupanda. Miti ile ilikuwa bado midogo! Nyasi, miti michache, na dalili kwamba kuna mtu anapajali mahali hapa. Basi hatuhitaji kungoja miaka 20. Miezi 18 wengi wetu tumekwisha kuikaa hapa, tena mara nyingi.

SASA SISI HAPA KAMBINI

Tuseme ukweli: mti si dawa ya kila kitu. Hautaleta mgao wa chakula ukipunguzwa. Hautarudisha waliopotea. Mwenye homa aende zahanati, na mwenye mawazo mazito yasiyomwacha usiku na mchana aende kwa wahudumu wa afya, asione haya. Na hatuwalaumu akina mama wanaokata kuni. Tunajua kuni zinatafutwa mbali, na kwa hatari gani. Jiko la udongo linalokula kuni kidogo linamsaidia mama na linauacha mti umesimama.

Ila kuna mambo tunayoyaweza bila kungoja msaada:

Tuanze na mche mmoja kwa kila nyumba. Mpapai hukua upesi, na ukitunzwa unaweza kuzaa kabla ya miaka miwili. Mlonge nao hukua haraka na majani yake ni mboga. Mwarobaini unavumilia ukame.

Tuumwagilie kwa maji tuliyooshea mboga au mchele. Maji hayo tunayamwaga kila siku barabarani.

Tuuzungushie miiba, maana mbuzi hasomi gazeti.

Tuupande mahali ambapo dirisha au mlango unatazama, ili hata mgonjwa na mama aliyejifungua wauone wakiwa ndani.

Majani karibu na nyumba tuyafyeke yawe mafupi, nyoka wasijifiche, na tusiache maji yametuama, mbu wasizaliane.

Kwa uwanja wa wote, tuongee kwanza na mwenyekiti wa mtaa, na tupange zamu ya kumwagilia. Philadelphia walifaulu kwa sababu walirudi kutunza. Kupanda bila kutunza ni kutupa mche.

Turudi kwa yule wa kwenye foleni ya maji. Anaogopa kwamba akipanda mti atakuwa amesahau kwao. Sisi tunamwambia: hapana, ndugu. Njiani msafiri akichoka hukaa kivulini, na hakuna anayemwambia amesahau safari. Anapumzika ili afike. Tukirudi kwetu, au tukipelekwa nchi nyingine, tunataka tufike na vichwa vizima, na watoto wanaojua kutulia na kungoja. Na mti utakaobaki utampumzisha atakayekuja nyuma yetu. Naye pia hatakuwa amechagua kiwanja chake.

MASWALI YA KUONGEA NYUMBANI

1. Ukikaa mlangoni pako, jicho lako linatua wapi? Mgonjwa aliye ndani anaona nini?
2. Kwetu tulipotoka, wazee walikutana chini ya mti gani? Wasimulieni watoto.
3. Nani katika jamaa atautunza mche wetu, na siku gani?
4. Kwa watoto: mjaribuni baba na mama kwa zile namba za kinyumenyume. Nani anafika mbali?

Tutafurahi kusikia habari za miche yenu. Mbaki na amani.